Geji ya bluu haijui vakyumu

Mafundi wenzangu wa friji na AC tusikasirikiane, ila ile geji ya bluu kwenye manifoldi (kile kifaa cha geji mbili na hozi tunachofunga kwenye mfumo) haipimi vakyumu, yaani utupu unaobaki pampu ikishanyonya hewa na unyevu kabla ya kujaza gesi. Inakuambia tu kwamba pampu inazunguka na hozi hazijachomoka, basi. Sindano ikishashuka kule chini kwenye 30 (inchi za zebaki) kila mtu anapumzika, anapiga stori na mlinzi, robo saa ikipita anafungua gesi, mteja analipa, kila mtu kwao.

Tuanze na namba zenyewe coz hapo ndo utaona ninachosema. Hewa iliyotuzunguka hapa Dar, usawa wa bahari, inasukuma kama kilo moja kwenye kila sentimita ya mraba. Watu wa vakyumu wanaiita tori 760, tori moja ukiigawa mara elfu unapata mikroni, kwa hiyo hewa ya kawaida ni mikroni 760,000. Kiwango kinachotajwa sana kwenye kazi zetu ni kushusha mfumo mpaka mikroni 500 au chini ya hapo kabla ya kuachia gesi. Sasa mikroni 500 kwenye geji ya bluu ni inchi 0.02 tu kutoka mwisho kabisa wa kipimo. Inchi sifuri nukta sifuri mbili! Sindano yenyewe ina unene kuliko hapo. Mfumo ulioshuka mikroni 500 na mfumo uliokwama mikroni 5,000 na maji bado yamo ndani, kwa macho sindano imekaa palepale.

Halafu kuna hili la pili ambalo ndugu zetu wa Nairobi na Mbeya wanalijua bila kujua wanalijua. Ndani ya geji kuna kabomba kembamba kaliko kunjwa kama upinde, alikabuni Mfaransa anaitwa Eugène Bourdon mwaka 1849, na kazi yake ni kujinyoosha au kujikunja kutokana na tofauti ya presha ya ndani na ya nje. Tofauti! Sio presha yenyewe. Ukiwa Nairobi, mita 1,600 na ushee juu ya bahari, hewa ya nje yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo hata ukitoa kila kitu ndani ya mfumo, sindano itagoma karibu na 25, haifiki 30 hata ukeshe. Nimeshaona mtu anadai pampu yake imechoka kumbe pampu nzima kabisa, ni mlima.

Kwa hiyo tunapimaje? Shida kubwa ni kwamba msukumo wenyewe unaisha. Kilo moja kwa sentimita ya mraba unaihisi, inapinda chuma. Mikroni 500 ni kama theluthi mbili ya gramu. Ukienda kwenye vakyumu za maabara, za kwenye mashine za kutengeneza chipu za simu, unaongelea tori 10⁻⁹, yaani tori moja uigawe mara bilioni, hapo msukumo kwenye sentimita ya mraba ni kama gramu moja na kitu kugawa kwa bilioni. Hakuna kabomba kitakachopinda kwa hiyo. Zipo geji za ngozi ya chuma nyembamba sana ambazo zinapima ile ngozi imesogea kiasi gani kwa umeme, na hizo kweli zinahisi msukumo wenyewe bila kujali ni gesi gani, ila nazo zikifika kama tori 10⁻⁵ zinachoka. Kuanzia hapo kwenda chini geji karibu zote hazipimi presha. Zinapima kitu kingine, halafu zinakukisia presha. Hilo ndo nataka ulishike, mengine yote ni kuulizana tu hicho kitu kingine ni nini na kinaweza kukudanganya wapi.

Wazee wa zamani walikuwa na ujanja mmoja naupenda. Mwaka 1874 Mwingereza Herbert McLeod alisema kama gesi ni kidogo mno kupimika, basi tuikamate nyingi tuibane. Geji yake ni ya kioo, ina tumbo kubwa na juu yake kijirija chembamba kilichozibwa. Unapandisha zebaki, inafungia gesi iliyomo tumboni, inaisukuma yote iingie kwenye kile kijirija, na gesi ukiibana mara laki moja presha inapanda mara laki moja, sasa unasoma kwa macho tofauti ya urefu wa zebaki kisha unarudi nyuma kwa hesabu. Hakuna umeme, hakuna betri. Kwa miaka mingi geji nyingine zote zilikuwa zinasahihishwa kwa hii. Lakini angalia mtego wake: mvuke wa maji ukiubana hivyo unarudi kuwa maji, na maji hayachukui nafasi, kwa hiyo geji inakuambia mambo safi wakati mfumo umejaa unyevu. Yaani adui namba moja wa fundi wa AC ndo huyo huyo haonekani. Na bado kuna zebaki, kioo kinavunjika, na kila ukitaka kusoma upandishe ushushe tena.

Hiyo kero ndo iliyozaa geji tunayotumia leo. Mwaka 1906 Marcello Pirani alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha balbu cha Siemens & Halske kule Berlin, na balbu za wakati ule lazima zitolewe hewa ndani la sivyo waya unaungua. Hebu fikiria kiwanda kizima kinasubiri mtu apandishe na kushusha zebaki. Pirani akaangalia kitu ambacho tayari kiko ndani ya balbu, waya wa moto, akaufanya huo huo uwe geji.

Ukitaka kuelewa wazo lake nenda jikoni kachukue chupa ya chai. Ile chupa inatunza joto kwa sababu kati ya kuta zake mbili hewa imetolewa, hakuna molekyuli za kubeba joto kwenda nje. Ikipata ufa hewa ikaingia, chai inapoa. Geuza hiyo hesabu: ukijua chai inapoa kwa kasi gani unajua ndani ya ukuta kuna hewa kiasi gani. Pirani ni hivyo hivyo, waya mwembamba unapashwa moto kwa umeme ndani ya mfumo, molekyuli zinaugonga, kila inayogonga inaondoka na joto kidogo, na joto la waya likibadilika ukinzani wake wa umeme nao unabadilika, huo unaupima. Molekyuli nyingi waya unapoa, chache waya unabaki wa moto.

Kuna jambo hapa linashangaza kidogo. Ungedhani ukitoka hewa ya kawaida ukashusha nusu, waya utapoteza joto nusu. Hapana. Karibu haubadiliki. Molekyuli zikiwa nyingi zinagongana zenyewe kwa zenyewe njiani, hewa ya kawaida molekyuli haifiki hata sehemu ya elfu kumi ya milimita kabla haijagonga mwenzake, kwa hiyo ukipunguza idadi, zilizobaki zinasafiri mbali zaidi kabla ya kugongana na mzigo wa joto unabaki uleule. Mabadiliko yanaanza pale molekyuli inapoweza kutoka kwenye waya mpaka ukutani karibu bila kugonga mtu. Ndo maana geji ya mikroni ukiiwasha kwenye hewa ya kawaida inaandika vistari tu au inasema iko juu ya kipimo, haijaharibika, haioni. Na kule chini nako ina mwisho, kama tori 10⁻⁴ hivi, coz waya unaendelea kupoteza joto kwa mnururisho na kupitia ncha zake zilipofungwa, hata kama hakuna molekyuli hata moja. Ikifika hapo geji inapima waya wake yenyewe.

Sasa geji za mikroni za kidijitali tunazonunua madukani nyingi zinatumia ujanja huo huo wa joto. Ziko vizuri sana kwa kazi yetu. Ila wapi unaifunga ni mjadala mwingine, na hapo sina msimamo laini: ukiifunga kwenye pampu unapima pampu. Hozi za robo inchi ni nyembamba, na presha ikishuka uwezo wa hozi nyembamba kupitisha gesi unapungua sana, kwa hiyo pampu inaweza kusoma mikroni 100 huku kwenye ivapureta (ile koili ya ndani inayopoza) kuko mikroni elfu kadhaa. Funga geji mbali na pampu, toa kale kasindano ka ndani ya valvu kwa kifaa chake, tumia hozi nene na fupi.

Ukifika 500 usishangilie. Funga valvu ya upande wa pampu, uiangalie geji. Ikipanda ikapanda haisimami, kuna tundu mahali. Ikipanda halafu ikatulia mahali juu ya ulipokuwa, hayo ni maji, bado yanatoa mvuke kutoka kwenye mafuta na kuta za kopa. Kwa unyevu wa Dar au Mombasa au Zanzibar wala usiulize maji yametoka wapi, mfumo ukikaa wazi kidogo tu umeshakunywa, na mafuta ya kompresa yanayotumika na gesi kama R410A na R32 yanapenda maji kupita kiasi. Habari njema ni kwamba joto letu linasaidia. Kwenye nyuzi 30 maji yanaanza kuchemka ukifika mikroni kama 32,000, kwenye mikroni 500 ili maji yabaki bila kugeuka mvuke lazima yawe barafu yenye baridi ya nyuzi 24 hivi chini ya sifuri au zaidi. Yatatoka tu, ila yanataka muda na sio haraka ya fundi.

Kitu kingine cha Pirani: hajui ni gesi gani inamgonga. Geji imesahihishwa kwa hewa au naitrojeni. Ukiweka heliamu, ambayo inabeba joto vizuri sana, kwenye kiwango cha kati geji itasema presha kubwa kuliko ilivyo. Agoni kinyume chake, inabeba joto vibaya, geji inasema presha ni ndogo. Hii sio nadharia tu. Kwenye maabara wanajaza chemba kwa agoni, mtu anakodolea macho geji ya ukoo huu iliyoboreshwa isome mpaka hewa ya kawaida, anasubiri ifike 760, geji inakuambia tori ishirini na kitu kumbe ndani tayari ni hewa kamili, anaendelea kuongeza, na kioo cha dirisha la chemba kinaweza kurushwa kama risasi. Ndo maana geji za aina hiyo zinakuja na onyo kabisa kuhusu agoni.

Haya, tuache AC tushuke chini kabisa, coz huku ndo kuna stori tamu zaidi kuliko zote na ndo iliyonifanya niandike.

Chini ya tori 10⁻³ au 10⁻⁴ joto halitoshi, inabidi kuhesabu molekyuli moja moja karibu. Mwaka 1916 Mmarekani Oliver Buckley alitumia taa ya redio ya zama zile, ile yenye filamenti (waya wa moto), gridi (wavu wa waya) na sahani. Filamenti ikiwa ya moto inarusha elektroni, gridi ina volti chanya kama 150 au 180 inazivuta, zinakwenda kasi, na njiani elektroni ikigonga molekyuli ya gesi inaing'oa elektroni yake, molekyuli inabaki na chaji chanya, sasa ni ayoni. Ile sahani, hapa inaitwa kolekta, ina volti hasi, inazivuta ayoni na wewe unapima mkondo wa umeme unaoingia. Molekyuli nyingi ayoni nyingi, mkondo mkubwa. Simpo. Geji ya kawaida ikirusha miliampea 4 za elektroni, kwenye tori 10⁻⁶ unapata nanoampea 40 hivi, kwenye 10⁻⁹ unapata pikoampea 40, ambayo inaonekana si kitu ila bado ni ayoni milioni 250 kila sekunde.

Na gesi nayo inabadilisha jibu, heliamu ni ngumu kung'oa elektroni kwa hiyo itasomeka chini ya robo ya ukweli. Hilo walilijua wakaliwekea jedwali. Ambalo hawakulijua kwa miaka mingi ni hili: geji zote duniani zilikuwa zinagoma kwenye tori 10⁻⁸. Badilisha pampu, chemsha kioo usiku kucha, ziba kila mahali, bado 10⁻⁸. Watu wakaanza kuamini kwamba huko ndo mwisho wa pampu. Lakini wale waliokuwa wanashughulika na vyuma vilivyosafishwa ndani ya vakyumu walikuwa na dukuduku, uso wa chuma ulikuwa unabaki safi muda mrefu kuliko ulivyotakiwa kama presha kweli ni hiyo. Kwenye tori 10⁻⁶ uso msafi unafunikwa na gesi kwa sekunde chache tu, kwa 10⁻⁸ ni dakika chache, sasa mbona unakaa masaa?

Mwaka 1947 Wayne Nottingham wa chuo cha MIT kule Marekani akatoa wazo. Elektroni zikigonga gridi zinatoa eksirei dhaifu. Eksirei zinakwenda kugonga kolekta, zinaing'oa elektroni kutoka kwenye kolekta yenyewe. Na kwa mita ya umeme, chaji hasi kutoka na chaji chanya kuingia ni kitu kile kile, haiwezi kutofautisha. Kwa hiyo kulikuwa na mkondo wa bandia usiotegemea gesi kabisa, uko palepale hata ndani kukiwa tupu, na ulikuwa sawasawa na tori 10⁻⁸. Pampu zilikuwa zimeshapita hapo siku nyingi. Geji ilikuwa inajipima yenyewe, kama waya wa Pirani kule juu.

Dawa yake ilitoka Pittsburgh mwaka 1950, kwa Robert Bayard na Daniel Alpert wa Westinghouse, na ukiiona utacheka. Waligeuza ndani nje. Kolekta ilikuwa silinda kubwa iliyozunguka vyote, inapokea eksirei kutoka kila upande. Wao wakatoa filamenti wakaiweka nje ya gridi, na kolekta wakaifanya waya mmoja mwembamba katikati ya gridi. Ayoni bado zinavutwa na ule waya coz umeme unazivuta, lakini eksirei hazivutwi na chochote, zinakwenda moja kwa moja, na waya mwembamba ni shabaha ndogo, nyingi zinaukosa. Kikomo kikashuka mara mia na zaidi, na ghafla zile pampu zilezile za jana zikawa zinasoma 10⁻¹⁰. Leo ukienda kwenye mashine ya LHC ya CERN, ile ya kugonganisha chembe ndogo kule mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kilomita 27 za bomba, geji za ukoo huo bado ziko kazini. Kwenye tori 10⁻¹⁰ kila sentimita ya ujazo bado ina molekyuli kama milioni tatu, usidhani ni tupu, ila molekyuli moja ingeweza kusafiri kama kilomita 500, ndefu kuliko barabara ya Mombasa mpaka Nairobi, bila kugonga mwenzake.

Filamenti nayo ina maudhi yake. Ni ya moto kwa hiyo inapasha kuta, kuta zinatoa gesi, geji inapima gesi iliyoisababisha yenyewe. Frans Penning wa Philips alikuja na geji isiyo na filamenti mwaka 1937, anatumia volti kubwa na sumaku, sumaku inazizungusha elektroni zisifike haraka zinakokwenda ili zipate nafasi ya kugonga molekyuli. Ngumu, haiungui, ila presha ikiwa ndogo sana wakati mwingine inagoma kuwaka, unasubiri.

Ya ukoo huo ndo ilipelekwa mwezini. Apollo 12, 14 na 15 zote zilibeba geji baridi (isiyo na filamenti) ya kupima hewa ya mwezi, ya 12 ikafa ndani ya siku moja, zile mbili zikaendelea. Usiku zilisoma kama tori 10⁻¹². Mchana presha inapanda sana, na sehemu kubwa ya hiyo haikuwa ya mwezi, ni gesi inayotoka kwenye vifaa vilivyoachwa pale jua likivipasha, na wanaanga walipokuwepo nguo zao nazo zilikuwa zinavuja kidogo kidogo. Umesafiri mpaka mwezini unapima mizigo yako mwenyewe.

Siku hizi NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, wana njia nyingine ambayo haina uzembe huo wa kukisia, wanashika atomi baridi sana za lithiamu au rubidiamu kwenye mtego wa sumaku, halafu wanaangalia zinapungua kwa kasi gani kadiri molekyuli za gesi zinavyozigonga na kuzitoa mtegoni. Fizikia ya kugongana kwenyewe inahesabika tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna haja ya kusahihisha kwa geji nyingine.

Najua kuna mtu ataniuliza inboksi kama anaweza kununua hiyo ya ayoni akafunge kwenye split ya mteja. Hapana bana. Geji ya ayoni ya kawaida inaanza kazi chini ya tori 10⁻³, yaani mikroni moja, na pampu zetu nzuri kabisa za hatua mbili zinaishia kwenye mikroni 15 au 25 zikiwa mpya na mafuta safi. Ukiiwasha juu ya hapo filamenti inaungua na pesa yako imekwenda. Nunua ya mikroni, ifunge mbali na pampu, na uiweke imesimama juu ya hozi ili mafuta ya kompresa yasiingie kwenye sensa, coz waya ukishapakwa mafuta unasoma chochote unachojisikia. Ikishatokea, mimina spiriti ndani, tikisa taratibu, mwaga, rudia mpaka itoke safi, usichokonoe na pamba wala kijiti, acha ikauke kabisa kabla hujaifunga tena.